Seti ya Gofu Iliyokaa Stoo Mombasa: Uchambuzi wa Kisa Kimoja cha Ukarabati wa Nyumbani

Seti inayochambuliwa hapa ilikaa miaka mingi katika stoo ya nyumba moja kisiwani Mombasa, upande unaopokea upepo wa bahari moja kwa moja. Mwenyewe alikuwa kedi kwa sehemu kubwa ya maisha yake, na fimbo hizo alipewa na mchezaji aliyekuwa akimbebea mkoba, wakati mchezaji huyo alipokuwa anahama nchi. Zilikuwemo fimbo za chuma kuanzia namba 3 hadi namba 9, weji moja ya mapigo mafupi, pata moja ya kusukumia mpira shimoni, na draiva, yaani fimbo ya pigo refu la kwanza, yenye kichwa cha mbao ngumu ya pasimoni. Mzee alizichezea hadi magoti yalipomkatalia, akazirudisha mkobani, akaufunga zipu na kuusimamisha kwenye pembe ya stoo. Aliyezileta kwangu ni mjukuu wake, binti aliyeanza kujifunza mchezo, na swali lake lilikuwa fupi: "Fundi, babu anataka nizitumie. Zitang'aa tena?"

Karibu kila anayeleta fimbo za zamani huanza na swali hilo la kung'aa, na kwa maoni yangu ndilo linaloharibu fimbo nyingi kuliko kutu yenyewe. Kutu hula polepole na inaweza kusimamishwa mahali ilipofika, lakini brashi ya waya iliyofungwa kwenye drili huondoa kwa dakika chache chuma ambacho hakuna njia ya kukirudisha. Kwa sababu hiyo nilimweleza binti kwamba kazi ingefuata mpangilio ulio kinyume cha swali lake: tungeanza kuangalia kama fimbo hizo ni salama kuzungushwa na mtu, halafu tungetafuta ni kitu gani hasa kiliziharibu ili kisiendelee, na mwonekano ungekuja mwisho, kwa kiasi ambacho chuma na mbao zenyewe zingeruhusu.

Umri wa seti haukuandikwa popote, ila vifaa vyenyewe vilitoa ushahidi wa kutosha. Mipini ilikuwa ya chuma cha kawaida kilichopakwa kromu, yenye vidaraja vinavyopungua unene kuelekea chini; kwa hiyo seti haikuwa ya enzi za mipini ya mti wa hikori, ambayo ilianza kuondoka baada ya chama cha R&A cha St Andrews, Scotland, kilichokuwa kikitunga kanuni za gofu, kuruhusu mipini ya chuma mwaka 1929. Draiva ya mbao nayo ilielekeza kabla ya miaka ya 1980 au mwanzoni mwake. Mchezaji wa Hispania Seve Ballesteros aliposhinda shindano la Kenya Open mwaka 1978, draiva za wachezaji zilikuwa bado na vichwa vya mbao, na ni mwaka uliofuata, 1979, ambapo kampuni ya TaylorMade ilianza kuuza kichwa cha chuma cha pua kilichokuja kuiondoa mbao uwanjani. Mabadiliko hayakuwa ya siku moja, kwani Bernhard Langer alishinda Masters ya mwaka 1993 akiwa bado na draiva ya pasimoni mkobani, lakini huyo alikuwa wa mwisho kushinda shindano hilo kwa draiva ya aina hiyo. Kujua haya kulikuwa na maana kwa kazi yetu, kwa sababu fimbo ya kipindi hicho imeungwa kwa namna tofauti na ya leo, na anayeifungua kama ya leo huivunja.

Usalama wa fimbo kuukuu yenye mpini wa chuma umejificha mahali ambapo macho hayafiki, yaani ndani ya mpini. Nje kuna nikeli na kromu, lakini ndani ni chuma kitupu, na juu kwenye mwisho wa mshiko huwa kuna tundu dogo la kupitisha hewa. Maji ya mvua na unyevu wa chumvi huingilia hapo, huteremka hadi chini, na kutulia pale mpini unapoingia kwenye shingo ya kichwa, sehemu ambayo ni nyembamba kuliko zote na ndiyo inayobeba nguvu kubwa mpira unapopigwa. Mpini ukikatika hapo katikati ya pigo, kichwa chenye uzito wa robo kilo na zaidi huruka bila mwelekeo. Mtu anaweza kuwa na fimbo inayong'aa kama mpya huku mpini wake umebaki ganda tu.

Kwa hiyo kabla sijagusa kutu ya nje nilikata mishiko yote, ambayo raba yake ilikwisha kauka na kupasuka, nikiyaelekeza makali ya kisu mbali na mwili. Kisha nikageuza kila mpini juu ya gazeti jeupe na kuugonga taratibu kwa ubao. Mingi ilimwaga vumbi kidogo la kahawia, jambo la kawaida kwa umri huo. Mpini wa namba 5 ulimwaga magamba, vipande bapa vyeusi vyenye wekundu pembeni, vingine vikiwa na upana wa punje ya mchele. Nilipoisogeza karibu na taa ile pete nyeusi ya plastiki inayofunika maungio, niliona juu yake mstari wa vishimo vidogo vilivyozunguka mpini, kana kwamba mtu ameutoboa kwa ncha ya sindano mara nyingi. Kutu iliyoanzia ndani ilikuwa imekaribia kukutana na ya nje. Kucha ikipita juu yake ilikwama. Hapo hapakuwa na la kujadili: fimbo hiyo haikupaswa kupiga mpira hata mmoja ikiwa na mpini ule, na nilimwambia binti aifunge kitambaa chekundu ili mtu yeyote asiichukue kwa bahati mbaya.

Habari hiyo ilimfikia mzee, naye akaja mwenyewe. Baada ya shikamoo na marahaba aliishika ile namba 5, akaipima mkononi, akasema, "Mwanangu, hii ndiyo niliyokuwa nikiwafundishia vijana. Usiitupe." Kichwa chake kwa kweli kilikuwa kizima, na hakuna aliyefikiria kukitupa. Tatizo lilikuwa kukitenganisha na mpini. Katika fimbo nyingi za zamani kichwa hakikushikwa kwa gundi peke yake. Kuna pini nyembamba ya chuma iliyopitishwa shingoni kutoka upande mmoja hadi wa pili, kisha ikasawazishwa na kupakwa kromu pamoja na kichwa, kiasi kwamba huonekana kama kidoti hafifu cha mviringo, au haionekani kabisa. Anayepasha moto na kuvuta bila kuitafuta pini hiyo huishia kuchana shingo. Niliitafuta kwa kusugua shingo kwa kitambaa chenye mafuta mepesi, ambayo huacha alama mahali vyuma viwili vinapokutana, nikaisukuma nje kwa ncha butu ya chuma huku shingo ikiwa imekaa juu ya kipande cha mti mgumu chenye tundu. Baada ya hapo joto la wastani lilitosha kulegeza gundi, na kichwa kikatoka kwa kuvutwa moja kwa moja bila kusokotwa.

Mpini wa badala ulitokana na fimbo nyingine ya zama hizohizo iliyokuwa na kichwa kilichopasuka. Ningeweza kuweka mpini mpya wa dukani, lakini kipenyo cha ncha lazima kilingane na tundu la shingo. Mipini ya fimbo za chuma huja kwa ncha za aina mbili zinazojulikana zaidi, ile inayochongoka yenye inchi 0.355 na ile iliyo sawa yenye inchi 0.370, na kulazimisha nene kwenye tundu jembamba, au kujaza gundi kufidia nyembamba, ni kutengeneza ajali ya baadaye. Urefu nao niliupima dhidi ya namba 4 na namba 6 zilizo jirani ili ngazi ya nusu inchi kati ya fimbo na fimbo isivurugike. Fimbo za zamani huwa fupi kidogo kuliko za leo, na anayefuata jedwali la kiwanda cha sasa hujikuta ana namba 5 ndefu kuliko namba 4. Ndani ya mipini iliyobaki nilipitisha kitambaa kilichofungwa kwenye waya mrefu, kwanza kikavu, kisha chenye mafuta ya cherehani kidogo sana, nikaiacha imesimama kichwa juu usiku kucha ili mafuta ya ziada yashuke.

Sasa kutu ya vichwani. Vichwa hivi vimefuliwa kwa chuma laini chenye kaboni, kikapakwa nikeli na juu yake kromu. Kromu yenyewe haishiki kutu; kinachotokea ni kwamba tabaka lake ni jembamba na lina vitundu na mikwaruzo, na chumvi ikipenya hapo chuma cha chini huanza kuoza, kutu huvimba, na kromu huinuliwa kutoka chini kama rangi ya ukuta wenye unyevu. Ndiyo maana madoa mawili yanayofanana kwa rangi yanaweza kuwa na maana tofauti kabisa. Doa la kahawia lililokaa juu ya kromu nzima huondoka kwa kipande cha karatasi ya alumini, ile ya kufunikia chakula, iliyokunjwa na kuchovywa kwenye maji yenye sabuni. Alumini ni laini kuliko kromu, hivyo husugua kutu bila kuacha mikwaruzo. Namba 3, 4 na 8, ambazo inaelekea hazikuchezewa sana, zilimalizika kwa njia hiyo peke yake. Binti alizifanya mwenyewe, na alishangaa kuona kwamba kazi iliyobaki ilikuwa ni kuzikausha tu.

Weji na namba 9 zilikuwa na hali nyingine. Kromu ilikuwa imebanduka kwenye nyayo na sehemu ya chini ya uso, ikaacha kingo kali zinazoweza kukata kidole, na ndani ya mabaka hayo chuma kilikuwa na mashimo. Hapo nilitumia siki nyeupe ya jikoni, ambayo ina asidi hafifu ya kiasi cha asilimia 5, lakini sikukitumbukiza kichwa kizima ndani yake. Ushauri wa kulaza fimbo usiku mzima kwenye ndoo ya siki umeenea, na kwa fimbo zilizopakwa kromu naupinga kwa nguvu, kwa sababu asidi hupita chini ya kingo za kromu iliyo nzima na kupanda kwenye maungio ya shingo, mahali ambapo haiwezi kuoshwa tena. Badala yake nililoweka pamba, nikaibandika juu ya baka lenyewe tu, nikaifunika kwa plastiki ili isikauke, na kuifungua kila baada ya muda mfupi kusugua kwa mswaki mkuukuu. Tindikali kali inayouzwa kwa kusafishia vigae na vyoo isikaribishwe kabisa, kwa maana huiyeyusha kromu yenyewe.

Kutu ilipogeuka kuwa tope jeusi linalofutika, nilisuuza kwa maji yenye magadi, yaleyale yanayotiwa kwenye maharage, ili kuua asidi iliyobaki, kisha kwa maji ya moto. Hatua inayofuata haina subira hata kidogo katika hewa ya Mombasa. Chuma kilichotoka kusafishwa kiko uchi, na kikiachwa na unyevu huanza kupata wekundu mwepesi mbele ya macho yako. Kila kichwa kilifutwa papo hapo, kikapulizwa kwa mashine ya kukaushia nywele hadi kikawa na joto mkononi, na kikapakwa nta kikiwa bado na joto ili iingie kwenye vile vishimo. Kingo kali za kromu nilizipunguza kwa msasa laini uliolowa maji, nikiwa nimevaa barakoa, kwa sababu vumbi la kromu na nikeli si la kuvuta. Kusugua kavu, na hasa kwa mashine, ni hatari ambayo watu wengi wa nyumbani huichukulia kwa wepesi.

Binti aliuliza kwa nini tusipeleke vichwa vikapakwe kromu upya. Jibu langu lilikuwa kwamba kupaka upya huanza kwa kuvua tabaka la zamani na kusugua chuma mpaka mashimo yaishe, na mashimo huisha kwa kuondoa chuma kinachoyazunguka. Namba na maandishi yaliyogongwa hufifia, uzito wa kichwa hubadilika, na mifereji ya uso, ambayo ndiyo inayoushika mpira, hupoteza kina. Kanuni za gofu zinaweka mipaka ya mifereji hiyo, upana usiozidi milimita 0.9 na kina kisichozidi takriban milimita 0.5, na kwenye vipimo vidogo namna hiyo hakuna nafasi ya kusugua na kuchonga tena kwa mkono. Kwa sababu hiyohiyo sikukubali kuichonga mifereji ya weji ili iwe mikali. Niliisafisha kwa kijiti cha mianzi, kikatoa udongo mweusi uliogandamana humo, na mifereji ikabaki jinsi uchezaji ulivyoiacha. Mabaka ya kijivu yapo mpaka leo. Yamekauka, yana nta, na hayaendelei kula chuma, nami naona hiyo ni hali njema kuliko mng'ao uliopatikana kwa kukifanya kichwa kuwa chembamba.

Draiva ndiyo iliyochukua muda mrefu. Ilikuwa imevalishwa kifuniko cha sufu ilipowekwa, na sufu hiyo ilikunywa unyevu wa miaka yote na kuubana dhidi ya mbao. Vanishi ilikuwa imeinuka kwa mapovu meupe, uzi uliozungushiwa shingoni ulikuwa umeoza na kufumuka, na chini ya uzi huo kulikuwa na ufa mwembamba uliofuata mishipa ya mbao. Bamba la shaba la kwenye nyayo lilikuwa halijakaa sawasawa, kwa kuwa mbao ilikuwa imevimba na kulisukuma.

Kishawishi kikubwa katika hali hiyo ni kuianika juani, na jua la pwani lingemaliza kazi ya kupasua iliyoanzwa na unyevu. Mbao iliyovimba lazima ikauke kwa mwendo uleule wa polepole ambao ililowa nao. Niliondoa skrubu za bamba, baada ya kusafisha nyufa zao kwa ncha ya sindano ili bisibisi iingie yote na isizichubue, nikaitundika draiva kivulini ndani ya nyumba mahali penye feni ya mbali, na kuipima kwenye mizani ya jikoni mara kwa mara. Ilipungua uzito wiki baada ya wiki, kidogo kidogo, na ilipoacha kupungua ndipo nilipojua kwamba imefika. Bamba la shaba likakaa mahali pake lenyewe bila kulazimishwa, na ufa wa shingoni ukajifunga hadi ukawa kama uzi wa buibui. Niliupitishia gundi nyepesi ya epoksi iliyopashwa joto kidogo ili iteleze ndani, nikaubana kwa ukanda wa raba mpaka ikashika.

Uzi mpya ulitoka kwa wanaouza zana za uvuvi: uzi wa nailoni wa kushonea nyavu, ambao niliupaka nta ya nyuki kabla ya kuuzungusha. Mzee alikuwepo siku hiyo, na akataka kuufunga yeye. Alianzia chini, akalaza mwanzo wa uzi uelekee juu ili mizunguko inayofuata iupande na kuubana, akawa anauzungusha mpini huku mkono wa pili ukivuta uzi bila kuulegeza, kila mzunguko ukigusana na mwenzake. Karibu na mwisho aliweka kitanzi cha uzi mwingine, akapitisha mizunguko ya mwisho juu yake, akaingiza ncha ndani ya kitanzi na kukivuta, na ncha ikazama chini ya uzi isionekane tena. Hakuna fundo lolote. Makedi wa zamani walizoea kuifanya kazi hii kati ya mzunguko mmoja wa uwanja na mwingine, na mikono yake haikuwa imesahau.

Vanishi ilipakwa baada ya kusugua kwa mkono yale mapovu tu, bila kuifikia mbao yenye rangi ya asili pale ambapo tabaka lilikuwa bado limeshika. Kabla ya hapo niliziba kwa vanishi nyepesi sehemu ambayo watu husahau: mbao iliyo chini ya bamba la shaba na ndani ya matundu ya skrubu, kwa sababu maji ya majani huingilia huko kuliko juu. Mishiko mipya ya raba iliwekwa kwa njia ya kawaida, gundi ya utepe wa pande mbili na kimiminika cha kutelezesha. Nilitumia spiriti nyeupe mahali penye hewa badala ya petroli, na mafuta ya taa siyapendekezi kwa kuwa huacha utelezi unaofanya mshiko uzunguke mkononi.

Chanzo cha yote, kama ilivyokuwa imeanza kuonekana, kilikuwa namna ya kuhifadhi kuliko umri. Mkoba wa plastiki uliofungwa zipu ulisimama juu ya saruji tupu, ukiegemea ukuta wa nje, na kipindi cha upepo wa kusi ulipokea unyevu wenye chumvi bila njia ya kuutoa. Sasa fimbo zimelala kwenye rafu ya mbao ndani ya chumba cha kulala, vichwa vikiwa wazi, na vifuniko vya sufu hutumika njiani tu. Baada ya kucheza binti huvifuta vichwa kwa kitambaa kilicholowa maji baridi yasiyo na chumvi, kisha kwa kikavu, kisha kwa kile chenye tone la mafuta ya cherehani, na nta hurudiwa kabla ya masika. Nimemwomba pia asiziache kwenye buti la gari, kwani joto la humo hulegeza gundi ya vichwa na ya mishiko.

Nilizikagua tena baada ya mvua za masika. Kwenye uso wa weji kulikuwa na wekundu kidogo katikati, mahali ambapo mpira na mchanga huondoa nta, nao ulifutika kwa kitambaa. Mpini wa namba 5 ni imara na haukumwaga kitu nilipougonga. Draiva haijabadilika uzito, ila binti huitumia kwa mipira laini pekee, kwa sababu mipira migumu ya uwanja wa mazoezi hugonga pasimoni kuliko mbao hiyo ilivyotengenezwa kustahimili, na kipande cha faiba kilichopachikwa kwenye uso wake kinashikiliwa na skrubu za zamani ambazo bado sijaona sababu ya kuzifungua.